"Si ana watoto?"

Ukiuliza huku Makete, mkoani Njombe, Tanzania, nani amtunze mzee, utajibiwa hivyo. Dhana hiyo inasahau kwamba Ukimwi ulizika watoto wengi wa hapa, na wengi wa waliobaki wako Mbeya mjini au Dar. Bibi ndiye mlezi: alfajiri, baridi ikiuma, anapuliza kuni awachemshie wajukuu uji, magoti yanamuuma.

Wengine hudhani matibabu bure yanatosha. Kisera, mzee wa miaka 60 asiyejiweza hutibiwa bure, sawa. Nauli ya bodaboda hadi hospitali analipa nani?

Zanzibar walianza 2016 kuwapa wakaazi wenye miaka 70 na zaidi pensheni, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Kidogo, ndiyo. Ila haiulizi kwanza mwanao yuko wapi.