Jamani, slivu sio "ile ndogo"

Wiki hii peke yake nimeambiwa mara nne, "Dokta, mi nataka ile ndogo." Wanamaanisha slivu, operesheni ya kukata tumbo ili kupunguza uzito. Baipasi, operesheni nyingine ya kupunguza uzito, ndo inaitwa "ile kubwa", ya watu waliozidiwa kabisa. Mtu anafika ameshaamua, ameshaongea na shoga yake aliyefanyiwa, ameshaangalia video zote, amebakisha kupewa tarehe tu, na mimi nikianza kuuliza maswali naonekana namchelewesha.

Nafanya zote mbili kwa hiyo sina sababu ya kumsukuma mtu upande wowote. Ila hili neno "ndogo" limenichosha kwa sababu linawapeleka watu kwenye operesheni isiyowafaa, na wapo ambao niliwapeleka mimi mwenyewe, nitafika huko.

Slivu tunaingilia kwenye matundu madogo, tunashusha mrija kupitia mdomoni mpaka tumboni ili uwe kipimo, alafu tunapita na stepla kando ya ule mrija kuanzia chini kupanda juu, tunakata huku tunabana. Linalobaki ni bomba jembamba kama mkono wa shati, na jina limetoka hapohapo. Linalotolewa ni karibu robo tatu mpaka asilimia 80 ya tumbo lote. Nesi anapokea kile kipande kwenye trei: kimelegea, kina rangi ya waridi, na upande mmoja una mstari mrefu wa pini ndogondogo za chuma zinazong'aa kwenye taa. Kile hakirudi tena, kimeenda.

Baipasi sasa, hiyo mnayoiita kubwa, hatutoi kitu. Tunatenga kifuko kidogo huku juu, kama mililita 30 hivi, tunakiunga na utumbo mwembamba, na tumbo lililobaki tunaliacha palepale, lina damu yake, lina kazi yake, juisi zake zinaenda kukutana na chakula mbele huko. Ikitokea shida kubwa inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Ni kazi ngumu lakini inawezekana. Sasa niambie ndogo ni ipi hapo.

Na slivu ikivuja mtaiona udogo wake. Inapenda kuvuja juu kabisa karibu na umio, na kwa kuwa lile bomba lina presha kubwa ndani, tundu linagoma kufunga, mtu anaweza kukaa wiki kadhaa na mirija. Haitokei mara nyingi, zote mbili kwa leo ni salama kuliko watu wanavyodhani, lakini usije ukaniambia ndogo.

Watu wengi hawajui kwamba slivu mwanzoni haikuwa operesheni kamili. Ilikuwa hatua ya kwanza ya operesheni nyingine ndefu zaidi ya kuhamisha utumbo, wakifanyiwa watu wazito sana ambao kuwaweka kwenye nusu kaputi masaa mengi kulikuwa hatari. Ikaonekana wanapungua vizuri hata kabla ya hatua ya pili, ndo ikaanza kufanywa peke yake. Baipasi ni ya zamani zaidi, Edward Mason aliianza kule Iowa miaka ya 1960.

Haya, kilo. Najua ndo mnachotaka. Finland waligawa watu 240 kwa bahati nasibu, nusu slivu nusu baipasi, huo utafiti unaitwa SLEEVEPASS, wakawafuatilia. Baada ya miaka 10 wa slivu walikuwa wamepoteza asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, wa baipasi 50.7. Uzito wa ziada nimesema, sio uzito wote, hapo ndo watu huchanganya kila siku. Tofauti ipo na inaipendelea baipasi, ila ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua karibu kila kilo ya ziada na waliorudi karibu na walikoanzia. Kwa hiyo anayechagua kwa kuangalia kilo tu anachagua kwa kitu ambacho hata mimi siwezi kumwahidi.

Kinachotakiwa kuamua kwa wengi ni kiungulia, na ndo kitu ambacho mgonjwa hataji kabisa.

Hataji kwa sababu hakiiti hivyo. Anasema "nina gesi", au "nina vidonda vya tumbo vya siku nyingi", au hasemi kitu. Juzi nilikuwa na dada mmoja, anataka ile ndogo kama wenzake, nikamuuliza una kiungulia, hapana dokta. Nikamuuliza unalalia mito mingapi? Miwili, mitatu. Kwa nini? Maji machungu yanapanda. Unakohoa usiku? Kidogo. Unatumia dawa gani? Hamna. Alafu akafungua pochi kutafuta simu, ikadondoka stripu ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, nusu imeliwa. Nikaiokota nikamshikia. "Aah hiyo haihesabiki dokta, nimeshaizoea, mwaka wa tatu huu." Hiyo ndo inayohesabika dada yangu! Kuliko hata namba iliyo kwenye mzani.

Tumbo la kawaida ni mfuko unaotanuka, ukila linakupa nafasi. Ile sehemu ya juu inayotanuka zaidi ndo tunayokata kwenye slivu (ndo inayotoa sehemu kubwa ya ghrelini pia, homoni ya njaa, ndo maana watu wanasema hamu ya kula imepotea). Unabaki na bomba gumu, chini kuna mlango ambao hatujaugusa, unafunga kama zamani, kwa hiyo presha inapanda na njia rahisi ya kutokea ni juu, kwenye umio. Na hapo juu pia tumekata karibu na ile kona inayosaidia valvu kufunga. Kama mtu alikuwa na henia ya kiwambo tayari, tumbo limeshaanza kupanda kifuani, basi tumemmalizia. Baipasi ni kinyume, kifuko ni kidogo, asidi ni kidogo, na kilichobaki kinamwaga mbali, ndo maana mtu mwenye kiungulia kibaya tunaweza kumpa baipasi kama dawa ya kiungulia chenyewe.

Haya sio maneno yangu tu. Wale wa Finland miaka 10 baadaye walipopigwa endoskopi, ile kamera inayoshushwa kupitia mdomoni, michubuko ya umio ilikuwa kwa asilimia 31 ya wa slivu na asilimia 7 ya wa baipasi. Uswisi nao walifanya utafiti wao, SM-BOSS, kati ya waliokuwa na kiungulia kabla ya operesheni, baada ya miaka mitano kilizidi kwa karibu asilimia 32 ya wa slivu, kwa baipasi ni 6 na kidogo.

Sasa nije kwenye lile la kwangu. Kuna mzee mmoja miaka ya nyuma, alikuwa na kiungulia cha kawaida, mara moja moja, nikamwambia ukipungua uzito kitapungua chenyewe, nikampa slivu. Alipungua vizuri sana. Mwaka wa pili mke wake ndo aliniambia, mzee hakuwa anasema, kwamba analala amekaa kwenye kiti. Nikarudi nikambadilishia kuwa baipasi, kwenye makovu ya mkono wangu mwenyewe, kila kitu kimegandana, operesheni ya pili siku zote ni ngumu kuliko ya kwanza. Siku hizi analala kitandani. Lakini ningeuliza habari ya mito mwanzoni asingepita huko.

Na bado sina uhakika wote. Robo ya wale wa Uswisi waliokuwa na kiungulia kilipona kwa slivu hiyohiyo. Na wapo wasiokuwa nacho kabisa wakakipata. Kitabu kinachora mshale, kiungulia nenda baipasi, lakini mtu mwenye dalili ndogo na endoskopi safi sisi wenyewe tunabishana juu yake, mimi nimeshabadilisha msimamo mara mbili. Mwenye henia kubwa au michubuko mibaya ya umio, hapo sibishani, simpi slivu.

Kisukari nipite haraka. Zote mbili zinakishusha, baipasi kidogo zaidi. Marekani kwenye utafiti unaoitwa STAMPEDE, baada ya miaka mitano waliofika lengo la sukari walikuwa asilimia 29 kwa baipasi, 23 kwa slivu, na 5 kwa waliotumia dawa peke yake. Mwenye kisukari cha miaka miwili anayetumia vidonge na mwenye cha miaka 15 anayejichoma insulini hawawezi kutarajia kitu kimoja hata wakifanyiwa operesheni ileile siku moja.

Msije mkasema naiponda slivu. Mtu mwenye ugonjwa wa Crohn, ule uvimbe wa utumbo usioisha, sitaki kumgusa utumbo, slivu. Aliyepandikizwa figo, dawa zake lazima zifyonzwe vilevile kila siku, slivu. Anayeishi kwa diklofenaki au ibuprofeni sababu ya maumivu ya viungo na hawezi kuacha, slivu, kwa kuwa kwenye baipasi zile dawa zinachimba kidonda pale tulipounga kifuko na utumbo, na sigara hivyohivyo. Na baipasi ina zake, utumbo unaweza kupenya kwenye nafasi tulizotengeneza ukajinyonga hata miaka baadaye, sukari inaweza kushuka ghafla baada ya kula vitamu, pombe inapanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea. Ukifanyiwa baipasi alafu siku moja ukapata maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya gesi, sema nina baipasi, mnipige picha ya CT.

Bendi, ule mkanda unaofungwa juu ya tumbo kulibana, sina mengi, nimezitoa nyingi kuliko nilizowahi kutamani kuziweka. Baipasi ya kuunga sehemu moja tu, ile wanaita mini, inapunguza uzito sawa na ya kawaida, Wafaransa walionyesha hivyo 2019, ila kuhara na upungufu wa virutubisho vilikuwa zaidi.

Na kitu ambacho hatupendi kusema: wengi wetu tunapendekeza tunachokijua. Daktari anayefanya slivu tu atakuona unafaa slivu. Muulize, wewe unafanya zote? Akikukasirikia umeshapata jibu.

Yule dada wa omeprazoli tulimpiga endoskopi, henia ipo, umio umechubuka. Akaomba wiki ya kufikiria. Akarudi na swali moja tu ameliandika kwenye simu: nikiacha vitamini itakuwaje? Nikafurahi kweli, hakuna anayeuliza hilo. Nikamwambia mwaka wa kwanza hutaona kitu, ini lina akiba ya B12, utajiona mzima na utaanza kuruka siku. Alafu damu inashuka, unachoka, miguu inaanza ganzi kuanzia kwenye vidole, na ganzi ya B12 ikikaa sana hairudi yote hata tukikuchoma sindano. Vitamini ni kila siku, na kipimo cha damu kila mwaka, maisha yote, kwa slivu pia. Akaandika yote kwenye simu, akauliza tarehe.