Maswali ya Malaba Kuhusu Usingizi

Haya yameulizwa na madereva, mama wauza chakula na vijana wa bodaboda hapa Malaba, upande wa Uganda.

Mtu akilala, mwili unafanya nini?

Kazi nyingi. Katika usingizi mzito, hasa mwanzoni mwa usiku, hutoka homoni ya ukuaji inayokarabati misuli na kumkuza mtoto. Shinikizo la damu hushuka, moyo ukapata nafuu. Ubongo nao huhifadhi uliyojifunza mchana.

Masaa mangapi yanatosha?

Mtu mzima, 7 au zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18, 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, 9 hadi 12.

Nimetoka Mombasa na trela. Nikitafuna mairungi (miraa) na kunywa kahawa nafika Kampala bila kusinzia. Ubaya uko wapi?

Ndugu yangu, hivyo vitu havipunguzi uchovu, vinauficha. Ukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana ubongoni, na ndiyo inayofanya macho yawe mazito. Kafeini huja ikakalia nafasi yake, adenosini ikabaki mlangoni inaongezeka. Kafeini ikipungua, yote huingia kwa pamoja. Mairungi hupita njia nyingine, lakini deni ni lile lile. Ndipo mtu anasinzia ndani ya msitu wa Mabira, Kampala ameshaanza kuinusa.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo hukosea kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: umeamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne usiku uko hapo hapo, na waragi hujaonja. Tena ukisinzia sekunde 4 tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Kufungua dirisha na kupandisha redio ni kujidanganya. Egesha mahali salama, lala dakika 20. Hiyo itakusogeza tu. Usiku mzima bado unaudai. Foleni ya hapa mpakani inaudhi, najua, lakini pokezana zamu na tanboi wako, mmoja alinde mzigo, mwingine alale.

Binti yangu yuko shule ya bweni. Wanaamshwa saa kumi alfajiri wasome. Si ndiyo bidii?

Mama, hapa sikubaliani na walimu. Saa ya mwili wa kijana huchelewa, kwa hiyo hata akilazwa mapema usingizi unakawia kumjia. Ukimwamsha saa kumi unamkata ule usingizi wa ndoto unaojaa zaidi kuelekea asubuhi. Saa tano mchana utamkuta kainamia dawati, na hesabu za alfajiri zimeshapotea.

Kulala kidogo kunaleta kisukari?

Kunaongeza hatari. Insulini hufanya kazi vibaya, na homoni ya njaa hupanda, ndiyo maana aliyekesha hutamani chapati na soda.

Nalala masaa 8 na bado nasinzia mchana. Nina malale?

Pengine sivyo, ila swali si la kuchekwa. Kati ya 1900 na 1920 malale iliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria, eneo la Busoga hapa Uganda likiumia sana. Huenezwa na mbung'o. Huanza na homa na maumivu ya kichwa na viungo, baadaye mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Leo wagonjwa ni wachache mno. Ninachokishuku zaidi ni kukoroma kunakokata pumzi, hasa kwa mtu mnene. Muulize anayelala karibu nawe kama huwa unanyamaza kisha unashtuka ukitafuta hewa. Hata upungufu wa damu huchosha. Nenda kituo cha afya wakupime.

Chumba ni kimoja, mbu wamejaa na baa ya pombe iko nyuma ya ukuta tu. Nifanyeje?

Chandarua kwanza. Pamba masikioni. Kahawa ya mwisho iwe mchana, kwa sababu baada ya masaa 5 hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Na simu ichaji mbali na godoro.