Vim: dhana potofu kuhusu madirisha na utafutaji wa ruwaza

Vim, programu ya kuhariri maandishi kwa amri za kibodi, ilitolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, ikifuata nyayo za vi, programu ya aina hiyo ya Bill Joy ya mwaka 1976. Wengi wanaoifikia leo wametoka kwenye vivinjari na programu za ofisi, wakiwa na mazoea ambayo hapa hayafanyi kazi. Amri zilizo hapa chini hutolewa ukiwa katika hali ya kawaida. Ukiwa unaandika, bonyeza Esc kwanza.

"Nikifunga dirisha, nimefunga faili."

Hapana, na hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Vim hutenganisha vitu vitatu. Bafa ni maandishi ya faili yaliyopakiwa kwenye kumbukumbu. Dirisha ni mahali pa kuitazamia bafa. Kichupo ni mpangilio mzima wa madirisha. `:q` hufunga dirisha tu, na faili hubaki kwenye orodha ya bafa (isipokuwa dirisha likiwa la mwisho, ambapo Vim yote hufungwa). Andika `:ls` uione: `%` ni bafa uliyomo, `a` ni iliyo wazi kwenye dirisha, `h` ni iliyofichwa, na `+` ni ile yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Kuitoa bafa kwenye orodha ni kazi ya `:bd`.

Ukizuiwa na kosa E37 (mabadiliko hayajahifadhiwa) kila unapotaka kuhamia faili jingine, weka `set hidden` kwenye vimrc, yaani faili la mipangilio ya Vim. Mabadiliko yako yatakaa kwenye bafa iliyofichwa hadi uyahifadhi. Usizoee kulijibu kosa hilo kwa `!`, maana hapo ndipo kazi ya saa nzima hupotea.

"Faili moja halifai kufunguliwa mara mbili."

Inategemea umelifunguaje. Ukilifungua kwenye terminali mbili, utapata onyo E325, nalo ni la kweli: kila Vim ina nakala yake, na atakayehifadhi mwisho atafuta kazi ya mwenzake. Lakini ndani ya Vim moja, `:sp` bila jina la faili hukupa madirisha mawili ya bafa ileile. Unachoandika juu kinaonekana chini papo hapo. Kwa hati ndefu hakuna msaada mkubwa kuliko huu: orodha ya istilahi iko juu, sura ya tano iko chini.

"Kichupo kimoja, faili moja."

Vichupo vilikuja na Vim 7 mwaka 2006, na kila kimoja hubeba madirisha mengi upendavyo. `Ctrl-w T` hulihamishia dirisha ulilomo kwenye kichupo kipya; `gt` na `gT` hukupeleka mbele na nyuma.

"Mpangilio ukiharibika, funga yote uanze upya."

Hakuna haja. Herufi ndogo baada ya `Ctrl-w` (h, j, k, l) hukuhamisha wewe. Herufi kubwa hulihamisha dirisha lenyewe. Kwa hiyo madirisha mawili yaliyolaliana juu na chini huwa ubavu kwa ubavu kwa `Ctrl-w H`, nayo hurudi yalivyokuwa kwa `Ctrl-w K`. `Ctrl-w x` hubadilishana nafasi na dirisha la jirani.

Kwa ukubwa, `:resize 20` huweka urefu wa mistari 20, na `:vertical resize 80` huweka upana wa safu 80. Vipimo hivyo huvurugika ukifungua au kufunga dirisha jingine, kwa sababu `equalalways` huwa imewashwa tangu mwanzo na husawazisha madirisha yote. Shikilia urefu wa dirisha lako kwa `:setlocal winfixheight`, au izime tabia hiyo kwa `:set noequalalways`.

Ukitumia terminali iliyo ndani ya kivinjari, `Ctrl-w` inaweza kufunga ukurasa wote. Hapo tumia `:wincmd l` na ndugu zake.

"Nyota hunipatia neno popote lilipo."

Mwandishi wa Kiswahili anahitaji kuijua hii kuliko wote. Ukiweka kishale kwenye `soma` ukabonyeza `*`, Vim hutafuta `\<soma\>`, yaani neno lililosimama peke yake. `Anasoma` na `walisoma` zote zinarukwa, kwa kuwa lugha yetu huambika mwanzoni mwa kitenzi. Tumia `g*`, ambayo haiweki mipaka hiyo. Ukitaka nyakati fulani tu, andika mwenyewe ruwaza, yaani kielelezo cha maandishi unayotafuta:

`/\v<(a|wa)(na|li|ta|me)soma>`

Kisha kuna ng'ombe. Kwa kawaida Vim haihesabu `'` kuwa sehemu ya neno, kwa hiyo `*` itatafuta `ng` pekee. `:setlocal iskeyword+=39` hurekebisha hilo (39 ni namba ya alama hiyo), ila usiiweke kwenye mafaili ya msimbo, ambako maneno hufungwa kwa alama hiyohiyo. Na maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word mara nyingi huja na alama iliyopinda. `/ng['’]ombe` hunasa alama zote mbili.

"Mabano na `|` hufanya kazi kama kwenye lugha nyingine."

Ukiandika `/(m|wa)toto`, Vim hutafuta mabano yenyewe na kukurudishia E486 (ruwaza haikupatikana). Ama uandike `/\(m\|wa\)toto`, ama uanze na `\v`, inayoyapa mabano na `|` maana yake maalumu. Nukta, kwa upande wake, haihitaji kuamshwa: `/2.500` hupata pia 2,500 na 27500. Andika `2\.500`.

"`smartcase` inatosha."

Kazi yake ni kuifanya Vim ijali herufi kubwa pale tu unapoandika herufi kubwa kwenye ruwaza, lakini peke yake haifanyi lolote. Lazima `ignorecase`, inayopuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, nayo iwashwe. Hata hivyo `*` haiifuati `smartcase`.

"`\n` ni mstari mpya kila mahali."

Kwenye kutafuta, ndiyo. Kwenye kubadilisha, `\n` huacha `^@` ndani ya maandishi, mstari mpya huko ni `\r`, kama `:%s/, /\r/g`. Kabla ya badiliko lolote kubwa, hesabu kwanza kwa `:%s/ruwaza//gn`, ambayo haigusi kitu.

"Kutafuta kwenye mafaili mengi ni lazima nitoke Vim."

`:vimgrep /ruwaza/gj **/*.txt` kisha `:copen` hufungua dirisha la matokeo chini. Enter hukupeleka kwenye mstari husika. Kubadilisha kote, tumia `:cfdo %s/ruwaza/jipya/g | update`, inayopita mara moja kwa kila faili. `:cdo` hupita kila tokeo, hivyo mstari wenye matokeo mawili huikwamisha kwa E486: la pili limeshabadilishwa pamoja na la kwanza. Ukilazimika kuitumia, andika `ge` badala ya `g`; `e` hupuuza kosa hilo.