Kuvaa glavu si kunawa mikono

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuzuia maambukizi katika nyumba za kutunzia wazee hapa Marekani, na kwenye zamu za usiku wengi ninaowakuta ni Wakenya na Watanzania wenzangu. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili.

Bibi wa miaka 90 aliyelala kitandani haendi sokoni wala hapandi basi. Kijidudu kikimfikia, kimeletwa. Na mara nyingi tumekileta sisi, kwa mikono ileile iliyokuja kumsaidia.

Usiku mmoja nilisimama mlangoni nikimtazama mhudumu mpole, mwenye subira. Alivaa glavu, akambadilisha bibi pampasi vizuri kabisa. Kisha, na glavu zilezile, akavuta shuka, akainua reli ya kitanda, akasogeza kikombe cha maji, akamvalisha bibi miwani. Vyote hivyo bibi atavishika kabla ya kula. Glavu zilimkinga mhudumu, bibi hazikumkinga.

Kazi chafu ikiisha, vua glavu hapohapo, usafishe mikono, ndipo ushike kingine. Glavu hupata vitundu visivyoonekana, na wakati wa kuzivua uchafu huhamia vidoleni. Kitakasa mikono chenye alkoholi kinatosha mara nyingi: sugua sekunde 20 hadi 30, mpaka mikono ikauke. Lakini mzee akiwa anaharisha, kiache. Mbegu za bakteria aitwaye Clostridioides difficile hazifi kwa alkoholi, na norovairasi, kirusi cha kutapika na kuharisha, haidhibitiwi nayo vizuri. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60, bila kusahau vidole gumba na ncha za vidole.

Kwa mzee aliyewekewa mpira wa mkojo (katheta), mfuko wa mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu, lakini usiguse sakafu. Hilo husaidia mkojo usirudi nyuma kwenye kibofu.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Mwishoni mwa Februari 2020, UVIKO-19 uligunduliwa katika nyumba ya wazee huko Kirkland, jimbo la Washington, na wengi wakafa. Wachunguzi wa afya walitaja, miongoni mwa sababu za kuenea, wafanyakazi waliofika kazini wakiwa na dalili na wengine waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Hali hiyo naijua: kazi mbili, kodi ya nyumba, ada za watoto kule nyumbani, na siku ya kuumwa isiyolipwa. Kwa hiyo nawaambia wasimamizi bila kuficha: ukimkata mshahara anayetapika, umemwita kazini. Mwenye norovairasi anatakiwa akae kwake hadi saa 48 zipite tangu dalili ziishe, na mtu hawezi kukaa kwake kwa njaa.

Halafu kuna macho yenu, wahudumu. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa ya kutisha. Kwake hata nyuzi 37.8 ni habari. Dalili ya kwanza huenda ikawa chai aliyoikataa, au kuchanganyikiwa kwa ghafla, au kuanguka. Daktari hayupo saa hiyo. Anayeona ni yule anayemwogesha. Ukiona babu wa leo si yule wa jana, usingoje mwisho wa zamu. Mwambie muuguzi saa hiyohiyo, kabla babu hajapelekwa ukumbi wa chakula kuketi na wenzake.