Kabla ya vidonge vya kuongeza damu: seli changa zinavyojijaza himoglobini

Viganja vikipauka na mtu akahema kwa kupanda ngazi tu, wengi hapa Mombasa hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Mara nyingi vinafaa. Visipofaa, huenda seli changa za damu zimekwama mahali ambapo madini ya chuma hayawezi kuzisaidia.

Seli hizo hukulia ndani ya uboho wa mifupa, kwa amri ya homoni ya figo iitwayo erithropoyetini. Kwanza hugawanyika mara kadhaa, na kila mara lazima DNA inakiliwe, kazi inayohitaji foleti na vitamini B12. Vikikosekana, nyingi hufia humo humo ubohoni, na zinazotoka huwa kubwa kupita kiasi.

Huku zikigawanyika, zinajijaza himoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni. Molekuli moja ina minyororo minne ya protini, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo umebeba himu, kipande chenye atomu moja ya chuma. Seli iliyokomaa hubeba takriban molekuli milioni 270. Chuma kikipungua, seli hutoka ndogo na zimepauka. Kwa mwenye selimundu kasoro iko kwenye mnyororo wa beta wenyewe, kwa hiyo tafadhali usimpe mtoto mwenye ugonjwa huo vidonge vya chuma kabla ya kupimwa. Seli zake huvunjika mapema na chuma chake hubaki mwilini.

Mwishowe seli hutema kiini chake na kuwa retikulosaiti. Bado ina mabaki ya RNA, yaani maelekezo ya kuunda protini, na kwayo hukamilisha karibu theluthi ya himoglobini yake. Ikiingia kwenye damu hukomaa kwa siku moja au mbili, kisha huishi siku 120 hivi.

Maabara huipaka rangi ya buluu, RNA ikaonekana kama nyuzinyuzi. Kwa mtu mzima mwenye afya, retikulosaiti ni kama asilimia 0.5 hadi 2.5 ya seli nyekundu. Damu ikiwa pungufu na hizi zikawa nyingi, uboho unafanya kazi ila damu inamwagika au inavunjwa, kwa mfano na selimundu. Zikiwa chache, uboho umekosa malighafi, au figo hazitoi amri. Kipimo hiki hakiombwi vya kutosha, kiulizie.

Uboho hutumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku, nyingi zikitoka kwenye seli kuukuu. Chakula huongeza 1 au 2 tu. Kiasi hicho kidogo ndicho chai huzuia ukiinywa pamoja na mahamri na mbaazi. Ingoje saa moja, na mbaazi zikamulie ndimu. Kidonge nacho kimeze kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Kinyesi kikiwa cheusi usishtuke.

Retikulosaiti hupanda ndani ya wiki moja hivi, himoglobini baada ya wiki kadhaa. Ikirudi sawa, endelea na vidonge miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Isipopanda hata gramu 1 kwa desilita baada ya wiki nne, usiongeze dozi mwenyewe: rudi kliniki, utafutwe minyoo ya safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.