Je, wajua? Kwenye briji, ukiwaza sana unamfunga mwenzako mikono

Pita jioni kwenye barza yoyote ya Kamalondo au Katuba ambako watu wanne wanacheza karata wawili kwa wawili, na badala ya karata utazame nyuso. Mmoja anakuna sikio. Mwingine anakohoa na hana mafua. Hapa Lubumbashi, kama kwingi, kumtumia mwenzako ishara ni nusu ya utamu wa mchezo. Anayekamatwa anachekwa, anatukanwa kidogo, kisha karata zinagawiwa upya.

Briji nayo inachezwa na wanne, wawili kwa wawili, kwa karata zilezile 52. Lakini imechagua njia ya kinyume kabisa. Huko huhitaji hata kukohoa. Ukikaa kimya dakika nzima, kisha ukasema "pasi", yaani sitaji dau, tayari umemwambia mwenzako jambo ambalo hakuwa na haki ya kulijua. Na ajabu ni hii: wewe uliyewaza huna kosa lolote. Mzigo unamwangukia yeye. Kwa nini iwe hivyo?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa haraka. Kila mmoja anapewa karata 13. Wanaotazamana ni wenza, na kwa desturi ya wachezaji wanaitwa Kaskazini na Kusini dhidi ya Mashariki na Magharibi. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa kunakuwa na mnada. Ukitaja "pike 1" umeahidi kwamba upande wenu utazoa raundi 7 kati ya 13 (kila raundi ni karata nne, moja ya kila mchezaji), pike, zile za mkuki mweusi, zikiwa turufu. "Kere 4", zile za moyo mwekundu, ni ahadi ya raundi 10. Trefle, zile za ua jeusi, ndiyo ya chini, juu yake karo, zile za almasi nyekundu, kisha kere, kisha pike, na juu ya zote ni kucheza bila turufu. Kila dau lazima lilipite lililotangulia. Mnada ukifungwa, mmoja wa upande ulioshinda anacheza peke yake, mwenzake anatandaza karata zake mezani na kunyamaza. Huyo anaitwa mfu.

Hesabu ya alama tunayoifuata leo inatokana na ile aliyoipanga Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini ndani ya meli. Ukali wake uko mahali pamoja: raundi ulizozoa bila kuziahidi hazikupi zawadi kubwa. Lazima uthubutu kuahidi kwanza. Kwa hiyo kazi nzito ya briji inafanyika kabla karata hazijaguswa, wakati wenza wawili wanajaribu kuelezana wana nini mkononi.

Na wanaelezana kwa lugha maskini sana. Ngazi 7 mara aina 5 ni madau 35. Ongeza pasi, ongeza kontre, yaani kuwaambia wapinzani kwamba ahadi yao haitatimia, ongeza na jibu la kontre. Jumla ni maneno 38. Kwa maneno hayo unatakiwa umchoree mwenzako karata 13, ilhali mikono tofauti ya karata 13 inayoweza kumfikia mchezaji ni 635,013,559,600. Lugha ikiwa finyu hivyo, neno la 39 linakuwa na thamani ya dhahabu. Kusita ndilo neno hilo la 39.

Tuone mfano. Kusini kafungua pike 1. Magharibi katia kere 2. Kaskazini kaunga mkono kwa pike 2. Mashariki karuka hadi kere 4. Sasa ni zamu ya Kusini. Anatazama karata zake, anatazama dari, anazipanga upya, dakika inapita. "Pasi." Magharibi naye pasi. Zamu inarudi kwa Kaskazini, mwenye pike nne zinazoanzia na mfalme, 9, 7 na 4. Kere mbili ndogo, 8 na 3. Karo asi, 10, 6 na 2. Trefle tatu za bure, 7, 5 na 4.

Awaachie kere 4, au ataje pike 4?

Hapo ndipo hesabu inapouma. Tuchukue kwamba pande zote mbili ziko kwenye kiwango cha chini cha adhabu. Wapinzani wakitimiza kere 4 wanapata alama 420. Kaskazini akitaja pike 4, akapigwa kontre, akapungukiwa raundi moja, analipa 100. Akipungukiwa mbili analipa 300, na bado amepata faida, kwa maana 300 ni afadhali kuliko 420. Akipungukiwa tatu analipa 500, na amejichimbia shimo. Tofauti kati ya shujaa na mjinga ni raundi moja tu. Wachezaji wazuri kabisa wanaigawanya kura hapa, wengine pasi, wengine pike 4. Kuna hatari nyingine pia: huenda kere 4 zenyewe hazitimii, na umetoa alama bure kuukimbia moto usiowaka.

Katika hali hiyo ya kubahatisha, ile dakika ya Kusini inasema mengi. Mtu mwenye karata dhaifu hasiti. Anapita na kusahau. Aliyesita alikuwa akipima dau moja zaidi, au kontre. Kwa vyovyote vile ujumbe ni mmoja: nina kitu, usiwaachie kirahisi. Kaskazini akitaja pike 4 sasa, habahatishi tena kama wenzake walioko meza nyingine. Na hizo meza nyingine zipo kweli, maana kwenye mashindano karata zilezile zinahamishwa zikiwa zimepangwa vilevile kutoka meza hadi meza, ili jozi zote zipimwe kwa tatizo moja. Siri iliyovuja hapa inawaumiza Mashariki na Magharibi, na inawaumiza pia waliolijibu tatizo lilelile gizani.

Sheria za briji ya mashindano, toleo la 2017, zinalishughulikia jambo hili hasa katika kifungu cha 16 na cha 73. Kwa maneno yangu: habari halali ni ile inayotoka kwenye madau na karata zilizochezwa. Habari inayotoka kwa mwenzako kwa njia nyingine, iwe kusita, kuharakisha, swali, uso au mguno, si halali. Ukiipata, unatakiwa ujizuie usinufaike nayo. Palipo na njia mbili zenye akili, huruhusiwi kuchagua ile ambayo kusita kwa mwenzako kumekuelekeza.

Wengi wanaoanza wanaielewa vibaya. Wanadhani mwenzako akisita, wewe lazima useme pasi. Sivyo. Kama karata zako zingekuwa za namna ambayo hakuna mchezaji wa kiwango chako angeweza kusema pasi, taja pike 4 bila wasiwasi. Marufuku inahusu yale maamuzi ya katikati tu, na karata za Kaskazini wetu ni za katikati hasa.

Mwamuzi anajuaje kwamba ni za katikati? Hategemei kichwa chake peke yake. Anaandika karata za Kaskazini na mnada ulivyokwenda, anawaendea wachezaji wengine wa kiwango kilekile, na wala hawaambii kwamba kuna mtu alisita. Ungefanya nini? Na kipi kingine ulikifikiria kwa dhati? Ikiwa baadhi yao wanasema pasi, basi pasi ilikuwa njia halali yenye akili, na pike 4 inafutwa. Matokeo yanarudishwa kuwa kere 4 za wapinzani, na Kaskazini na Kusini wanaandikiwa hasara.

Hapo kwa kawaida Kaskazini anawaka. "Lakini nilikuwa nimeshaamua pike 4 tangu mwanzo!" Mwamuzi mzuri hamwiti mwongo. "Ninakuamini, papa. Ila sheria hainiulizi moyo wako, inaniuliza karata zako." Mimi naiona hii kuwa sehemu bora kuliko zote katika sheria za briji. Hakuna mtu anayeweza kuthibitisha alichokuwa akifikiri kabla hajasikia kimya cha mwenzake, hata yeye mwenyewe. Basi hukumu inaondolewa moyoni na kuwekwa mezani, mahali ambapo kila mtu anaona. Kubadilishiwa matokeo si kuitwa mwizi, na mchezaji aliyekomaa anarudi kwenye kiti chake bila kununa.

Mpinzani naye ana adabu yake. Mtu akisita, haruki na kupiga kelele. Anauliza kwa upole kama wote wanakubaliana kwamba kulikuwa na kusita, mchezo unaendelea, na mwamuzi anaitwa baadaye kama kuna sababu.

Usije ukadhani kwamba briji inakataza udanganyifu. Inaukataza kwa uso, inauruhusu kwa karata. Tuseme anayecheza anatupa karata ndogo kuelekea kwa mfu, ambako kuna mfalme na vale. Anahitaji kubahatisha: asi ikiwa kwa Magharibi, atumie mfalme, malkia ikiwa kwa Magharibi na asi iko kwa Mashariki, atumie vale. Magharibi mwenye asi anayetupa karata ndogo kwa utulivu, kama mtu asiye na habari, amefanya kazi nzuri na anastahili sifa. Lakini Magharibi asiye na asi, anayejifanya kuwaza ili mchezaji aamini anayo, amevunja sheria, na mwamuzi anaweza kumrudishia mpinzani aliyedanganywa alichopoteza. Ukitupa karata ya uongo kumchanganya mpinzani, hewala, mradi mwenzako naye hajui siri yake. Karata ina maana moja kwa wote watatu wanaokutazama. Uso wako hauna.

Kwenye mashindano makubwa, tamaa ya neno la 39 imeleta mbao na vitambaa. Visanduku vyenye kadi za madau, ili mtu asitaje kwa sauti inayopanda na kushuka, vilianzia Sweden miaka ya 1960. Kisha zikaja pazia. Meza inakatwa kona kwa kona, Kaskazini na Mashariki wakiwa upande mmoja, Kusini na Magharibi upande wa pili, na madau yanapitishwa kwa trei chini ya pazia. Rudi kwenye mfano wetu uone uzuri wake. Trei ikichelewa kurudi na pasi mbili juu yake, Kaskazini hawezi kujua ni Kusini aliyewaza au ni Magharibi. Neno la 39 limekufa.

Pazia hizo zilitumika kwa mara ya kwanza kwenye ubingwa wa dunia wa 1975, huko Bermuda, na mashindano hayohayo yakaharibika kwa sababu zilizuia macho bila kuzuia miguu. Jozi moja ya Italia ilikaripiwa kwa kugusana miguu chini ya meza. Baadaye kizuizi kikashuka mpaka sakafuni. Mwaka 2015 Mnorwe Boye Brogeland aliituhumu hadharani jozi aliyokuwa ameshinda nayo katika timu moja, na akatangaza kuyaachia mataji yale. Wachezaji wa nchi mbalimbali wakakaa mbele ya video, na mmoja akang'amua kwamba ishara ilikuwa pale unapowekwa juu ya meza ule ubao unaobeba karata zilizopangwa kutoka meza hadi meza. Jozi hiyo ilifungiwa. Nyingine iliyoshtakiwa kipindi hichohicho ilishinda rufaa mwaka 2018 mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, kwa kuwa ushahidi haukufikia kiwango kinachotakiwa. Kuthibitisha wizi wa makusudi ni kazi nyingine kabisa, tofauti na kurekebisha matokeo ya mtu mwema aliyesikia kimya.

Siku hizi mtu wa Lubumbashi anaweza kukaa mezani na Mturuki na Mbrazili kupitia simu yake. Uso umeondoka, sauti imeondoka. Muda umebaki. Na hapa kwetu muda una fitina zake: umeme unakatika, mtandao unalegea, na mpinzani aliyeko ng'ambo anaona kimya tu, asijue kama ni kichwa kinachofanya kazi au ni mnara wa simu umelala. Anayejali anajijengea mwendo mmoja. Anachukua sekunde tano hata kwa pasi ambayo mtoto angeisema, ili siku ya pasi ngumu sekunde tano zile zisimwambie mwenzake chochote. Na kazi kubwa ya kuwaza anaifanya mapema, wakati wengine wanataja: wakitia kere 4 nitafanya nini, wakikaa kimya je? Zamu ikimfikia, jibu liko tayari mkononi.