Gasketi mpya, gari bado linasumbua: usikimbilie kufungua hedi tena

"Kaka, hiyo gasketi ni feki. Fungua upya." Ndivyo nilivyoambiwa mwezi wa saba, siku ya pili tangu nifunge hedi (kichwa cha injini) ya Corolla yangu mwenyewe, nyumbani Sakina, Arusha, na gasketi mpya ya kuziba kati yake na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Injini ilikuwa inamisi (inakatakata), moshi mweupe unatoka nyuma, mshale wa temperecha unapanda. Nilishaishika spana. Nashukuru niliiweka chini, kwa sababu gasketi ilikuwa nzima.

Dhana ya kwanza ni kwamba moshi mweupe maana yake maji yanaingia kwenye silinda. Arusha asubuhi za Juni na Julai hata gari zima hutoa mvuke mpaka bomba lipate joto. Isitoshe, gasketi ya zamani ilipoungua ilimwaga maji kwenye ekzosi, na hayo lazima yakauke. Endesha mpaka Usa River, mji wa jirani, urudi. Kinachotisha ni moshi unaoendelea injini ikiwa ya moto huku maji yakipungua na huoni yanapovujia.

Mshale ukipanda, ushauri wa vijiweni ni mmoja: "Toa thamostati," yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Ushauri huu umeua injini nyingi. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Baada ya kufunga hedi, mshukiwa wa kwanza ni hewa iliyonaswa. Inua pua ya gari, washa hita iwe ya moto kabisa, jaza maji taratibu. Hita ikitoa baridi wakati mshale uko juu, hewa bado imo, au maji hayatoshi. Angalia pia mfuniko wa rejeta. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko unaoshika presha huzipandisha nyuzi hizo mpaka zaidi ya 110. Ukilegea, gari litachemsha hata kama gasketi haina kosa.

Kipimo ninachokiamini hakina gharama. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, mtu awashe, wewe tazama maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa ikitoka. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja, ni habari ileile.

Kumisi je? Wengi wanailaumu gasketi moja kwa moja. Pima kompresheni kwanza, yaani presha ya kila silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini na nyingine ziko juu, gasketi imeachia katikati yao. Zote nne zikishuka kwa pamoja, rudi kwenye taiming belti, mkanda unaopanga wakati wa vali kufunguka. Huenda imeruka jino. Zangu zote zilikuwa sawa. Nilikuwa nimebadilishana waya za plagi za silinda ya 3 na ya 4, basi.

Utasikia pia kwamba silikoni huongeza usalama kwenye gasketi ya hedi. Gasketi za bati za tabaka nyingi hufungwa kavu, isipokuwa pale kitabu cha injini kinapoelekeza. Na kukaza kwa nguvu za mkono hakutoshi: bolti huanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya kipimo, na matundu yake kwenye bloku yawe makavu. Oili iliyobaki chini hukupa kipimo cha uongo, tena inaweza kupasua bloku.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba gasketi mpya imemaliza tatizo. Mara nyingi gasketi huungua kwa sababu injini ilichemka, na kilichoichemsha huenda bado kipo. Nilipochomoa mpira wa chini wa rejeta yangu, yalitoka maji mekundu kama chai ya rangi, na vipande vya magamba ya kutu, yale yanayoziba rejeta, vikabaki kwenye kiganja.